Habu ya Kushoto

Mwezi uliopita tulimzika Daktari Elieza, na tangu siku ile nimechoka uchovu ambao usingizi hauutibu. Si kwamba alikufa kabla ya wakati. Alikuwa mzee sana, macho yamekwisha, masikio yamekwisha, anasubiri tu. Kilichonichosha ni yale yaliyosemwa. Katika misiba yetu ya milimani wasemaji hawaishi, kila mmoja anakuja na karatasi yake, na siku hiyo kila karatasi ilitaja mikono ya marehemu: mikono iliyozalisha nusu ya kijiji, mikono iliyoshona majeraha ya mapanga, mikono ambayo haikutetemeka. Nilikuwa nimeketi chini ya turubai pamoja na wastaafu wenzangu, leso machoni, na waliokuwa jirani walinipapasa bega wakidhani nina huzuni. Nililia kwa aibu. Mimi ndiye niliyefanya kazi pembeni ya mikono ile, na mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na minne, nilificha habari ya mkono mmoja mpaka mtu mwingine akaharibikiwa. Mtu huyo naye alikuwepo msibani. Alisimama nyuma kabisa na wakwe wenzake, mvi zimemjaa kichwani, kofia ameikunja mkononi. Anaitwa Mbonea.

Mwaka huo nilipelekwa nikiwa muuguzi mpya kwenye zahanati ndogo ya kanisa, juu ya kijiji cha Kisiwani, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia hadi chumbani na nguo hazikauki. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye safu ya nyumba za watumishi: kitanda cha chuma, ndoo, msumari wa kutundika sare, na ukuta wa mbao uliokitenga na stoo ya dawa. Kupitia mbao zile nilisikia mengi kuliko niliyotaka. Chakula cha mchana nilikula kwa Daktari, makande yaliyochemka tangu alfajiri, na mkewe alikuwa akiniongezea bila kuniuliza, akisema muuguzi mwembamba anawatisha wagonjwa. Daktari alikula polepole, akiuliza habari za kila mama aliyelazwa kwa jina lake na jina la mama yake. Nilimpenda. Niseme hivyo mapema, maana bila hilo hamtaelewa lolote, na hata nikisema sidhani kama linanisaidia.

Mbonea alikuwa dereva wa zahanati na fundi wa gari hilohilo, na miezi michache kabla sijafika alikuwa amemwoa Neema, binti wa Daktari. Kwa hiyo walikuwa wakwe, na ukwe kwa wazee wa kule haukuwa mchezo. Mbonea hakula meza moja na baba mkwe wake. Hakumpinga mbele ya watu, hakumkatiza neno, na hakurudia kazi ambayo mkono wa mkwe ulikwisha kuifanya, kwa kuwa kurudia ni kumwambia mzee kwamba hakuifanya vizuri. Lakini gari lilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele, na kazi ilikuwa moja. Ndiyo maana mimi nilikaa katikati, magoti yamebanana na gia, nikiwa ukuta wa heshima kati ya wanaume wawili. Hata maneno yalipitia kwangu. "Sista, mwambie Baba tutajaza mafuta Same," Mbonea alisema, na kabla sijafungua mdomo Daktari alijibu huku akitazama dirishani, "Mwambie mkwe nimesikia." Mwanzoni nilicheka kimoyomoyo. Baadaye nilizoea, nikaanza kujiona mtu muhimu.

Kila Jumanne tulishuka Same kuchukua chanjo na barafu, tukirudi mchana huohuo. Barabara ya chini ni kavu, vumbi na miiba, ng'ombe wa Wamasai wanavuka wanapotaka. Tukifika Kisiwani, pale mlima unapoanza, gari lilisimama. Halikuwa kama haya ya siku hizi ya kubonyeza kitufe. Katikati ya kila gurudumu la mbele palikuwa na habu, kifuniko cha duara unachokizungusha kwa vidole mpaka mshale wake ufike kwenye alama ya kufunga. Ukifunga habu zote mbili, kisha ukavuta gia ndogo iliyo pembeni ya gia kubwa, gari linaingia fowili na magurudumu ya mbele yanavuta pamoja na ya nyuma. Ukiacha moja wazi, gia itaingia vilevile, injini itanguruma vilevile, lakini ya mbele hayatakusaidia kitu. Mbonea alifunga ya kulia. Ya kushoto ilikuwa ya Daktari. Zamani, kabla ya kuajiriwa dereva, aliliendesha gari lile mwenyewe, na habu ile alibaki nayo kama sehemu yake ya safari. Alishuka, akainama, akazungusha, akapangusa mikono na kusema, "Tayari." Hakuna aliyewahi kwenda kutazama nyuma yake.

Mvua za vuli zilipoanza, gari likaanza kutushinda. Jumanne ya kwanza lilikwama kwenye kona ya tatu, magurudumu ya nyuma yakichimba tope, ya mbele yametulia kana kwamba hayahusiki. Mbonea alishuka, akatazama habu yake, imefungwa. Daktari naye alikuwa amesimama upande wake, akasema, "Mwambie mkwe huku pamefungwa." Ikawa imekwisha. Tulisukumwa na watu waliokuwa wakivuna tangawizi. Kesho yake Mbonea alimwaga oili ya transfa, lile sanduku la chini linalogawa nguvu mbele na nyuma, akaikuta imechanganyika na maji, akafurahi. Alibadilisha oili, akafunga habu zote mbili mwenyewe, akanichukua tukapanda kilima cha nyuma ya kanisa, gari likapanda vizuri kabisa. Jumanne iliyofuata likashindwa tena. Akafungua mkono wa gia ndogo, akakuta bushi imelika, akaweka nyingine. Kilima cha kanisa tukapanda. Jumanne likashindwa. Mara ya tatu aliishusha transfa yote, akaipanga kipande kwa kipande juu ya shuka kuukuu nililompa mimi, akakaa nayo siku mbili. Alipandisha magurudumu ya mbele kwa jeki akaizungusha kwa mkono propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu mbele, yote mawili yakazunguka. Kila kitu kilikuwa kizima, na hicho ndicho kilichomtia hofu.

Nilimpelekea chai pale uani, akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Gia inaingia laini mno, Sista. Ikishika kweli huwa ina ubishi kutoka. Tukifika juu kwenye ukavu, inabidi nirudi nyuma kidogo ndipo iachie. Siku tukikwama inatoka kama kijiko kwenye uji." Alifikiri, grisi hadi kwenye viwiko. "Tena siku nikiwa na wewe tu, linapanda. Jumanne ndiyo linakataa." Akaishia hapo. Naamini alikwisha kulifikia jibu kwa akili, ila adabu ilimzuia kulitamka. Jioni hiyo, kupitia ukuta wa stoo, nilimsikia mwenyekiti wa kamati ya zahanati akizungumza na mtunza stoo. "Jumanne linakufa, Jumatano linapona," alisema. "Gari gani hilo? Huyu kijana hapatani na mkwe wake, anamkomoa, basi." Mtunza stoo akacheka, akasema hata yeye ameona.

Kwa upande wangu, kuna vitu nilikuwa nimeviona bila kuvijua. Daktari alikuwa ameacha kushona. "Shona wewe, mwanangu, ujifunze," aliniambia kila lilipokuja jeraha, nami nilijivuna kwamba ananiamini. Kalamu alianza kuishika kwa shida, akaniachia na vitabu vya wagonjwa. Kisha asubuhi moja, mezani kwake, kikombe cha chai kilimtoka mkono wa kulia kikavunjika, naye hakuruka wala hakusema uuh, ingawa chai ilimmwagikia vidoleni na ilikuwa ya moto. Hakuihisi, mkono ulikuwa umekufa ganzi. Mkewe alipangusa meza kimya. Alipomaliza akanitazama usoni, muda mrefu, na sikuhitaji kuambiwa. Nilijua maana yake kama muuguzi. Nilijua pia kwamba habari ikishuka Same, Daktari ataletewa barua ya kupumzishwa, na hakuna mganga mwingine atakayekubali kupanda kuja kwenye ukungu ule. Akina mama wangebebwa kwa machela hadi chini. Hayo yote ni kweli. Lakini niwe mkweli zaidi: niliogopa kwamba mimi ndiye nitakayemwangusha mzee aliyeniita mwanangu.

Siku chache baadaye Mbonea alinisubiri bombani. "Sista, mimi upande ule siwezi kwenda," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unaweza. Tukisimama Kisiwani shuka kama unayejinyoosha, utazame mshale. Uniambie tu umefika au haujafika." Jumanne nikashuka. Daktari alikuwa ameinama kwenye gurudumu, bega linafanya kazi, lakini vidole havikuwa vimebana chochote, vilikuwa vinateleza juu ya chuma. Mshale ulitembea kidogo ukasimama, umebakiza upana wa kidole gumba kufika kwenye alama. Alinyanyuka, akapangusa mikono. "Tayari, mwanangu," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi yake. Nilipanda garini, naye akapanda. Mbonea alikuwa ameshika gia ndogo, anatazama mlima. "Sista?" aliuliza. Nikasema, "Iko sawa."

Siku hiyo njia ilikuwa imekauka, tukapanda bila shida, nikajiambia Mungu amenisamehe. Jumanne mbili zilizofuata nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, Daktari akishapanda naimalizia habu mwenyewe, kisha nalizunguka gari na kuingilia upande wa dereva, Mbonea akinipisha. Gari lilipanda kwenye tope zito likivuta miguu yote minne. Mbonea aliimba njia nzima. Alidhani matengenezo ya mara ya tatu yameshika, akaenda kuwaambia watu hivyo, na mtu akishatangaza kwamba gari limepona, likiugua tena ni lake. Mimi nilikuwa katikati yao nikimsikiliza akiimba. Nilijiona mwerevu, maana mzee ana heshima yake, kijana ana furaha yake, na gari linapanda.

Jumanne ya tatu tulipakia mama aliyejifungua Same, na kichanga cha siku nne. Ilibidi nikae naye nyuma, chini ya turubai, nimshikie mtoto. Nafasi yangu ya mbele ilibaki tupu. Tuliposimama Kisiwani mvua ilikuwa inamwagika, nikasikia mlango wa kulia, mlango wa kushoto, kisha "Tayari" ya Daktari, safari hii bila mtu wa katikati wa kuipokea. Ningeweza kushuka. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwangu, nje kuna mvua, na nilisema moyoni kwamba labda leo mkono umeweza. Kwenye kona ya tatu gari lilisimama, likaanza kurudi kinyumenyume. Mbonea alipiga breki, magurudumu yakafunga, likaendelea kuteleza tu, hadi likatumbukia kwa ubavu kwenye mfereji juu ya shamba la tangawizi. Mtoto hakuumia. Mama yake alivunjika mkono, na namna alivyopiga kelele naisikia bado. Watu walikuja na kamba. Gari lilipokwisha kuvutwa, kabla Mbonea hajaweza kusogea, Daktari, kwa mazoea yake ya kila mwisho wa safari, alikuwa amekwisha kuirudisha habu ya kushoto kwenye alama ya wazi, na hakuna aliyeweza tena kujua kama ilifungwa.

Kamati ilikaa Jumapili baada ya ibada, kwenye ofisi ya usharika, kuamua kama Mbonea anafaa kuendelea. Walikuwa wazee sita na thermosi mbili za chai. Daktari alisema mara moja, "Mimi nisiulizwe, huyu ni mkwe wangu," na wazee wakaitika kwa heshima, wakaona ni uungwana. Mpaka leo sijui kama alijua. Nafikiri alijua habari ya mkono, hakujua habari ya habu, lakini labda nafikiri hivyo kwa kuwa nataka iwe hivyo. Mwenyekiti akanigeukia. "Sista, wewe unakaa katikati yao. Umewahi kuona jambo lolote ambalo si sawa?" Mbonea alinitazama. Hakunitazama kwa kuomba, alikuwa ananisubiri nimtoe shaka, maana mtu pekee aliyempelekea swali lake ni mimi. Nikasema, "Sikuona kitu." Akaulizwa yeye, gari linaumwa nini. Fundi mjanja angetunga jibu. Yeye alisema, "Sijui, wazee wangu. Nimelifungua mara tatu, sijaona." Basi walimwachisha kazi kwa maneno yake mwenyewe.

Dereva mpya alitoka Kifaru, kijiji cha chini, hakuwa na ukwe na mtu yeyote kule juu. Kisiwani alishuka mbio, akafunga ya kulia, akazunguka akafunga na ya kushoto kabla Daktari hajashika mlango. "Kaa tu, mzee wangu, utachafuka," alisema. Daktari alikaa. Gari halikukwama tena mwaka mzima, na huko ndiko Mbonea alikomalizwa kabisa. "Mnaona?" watu walisema, sokoni, kanisani, nyuma ya ukuta wangu wa mbao. "Gari lilikuwa zima siku zote." Yeye na Neema wakahamia Same. Daktari alistaafu baada ya miaka miwili akapewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi nikahamishiwa Shighatini, nikafanya kazi huko hadi nikazeeka, na kila mtu atakwambia nilikuwa muuguzi mzuri.

Siku ya mazishi, watu walipokuwa wanakula, nilimwendea Mbonea. Alinikaribisha vizuri, akanitafutia kiti. "Habari za siku nyingi, Sista." Nilimpa pole ya msiba, kisha nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama, kuanzia kikombe hadi kamba ya kiatu. Nilipomaliza aliuliza, "Ulibakiza kiasi gani, huo mshale?" Nikamwonyesha kidole gumba. Alikitazama.

"Kwa hiyo transfa ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, Kaka Mbonea."

Aliniambia ana gereji Same, nyuma ya stendi, anatengeneza magari madogo na bajaji. Likija gari la fowili analipeleka kwa jirani. Wanamcheka, fundi wa mlimani asiyejua fowili. "Niliogopa," alisema. "Nilijua mle ndani kuna kitu ambacho macho yangu hayakioni. Mtu hawezi kuua watu kwa kazi asiyoijua." Nilimwomba msamaha. Akakunjua kofia, akaikunja tena. "Mwaka ule nakuelewa," akasema. "Yule alikuwa Baba. Hata mimi sikuthubutu kuzunguka gari. Lakini mwaka uliofuata, Sista? Na huo mwingine? Neema hadi leo anaamini nilikaribia kumuua baba yake. Hajawahi kunitupia neno. Ila nikishika usukani, anafumba macho."

Aligeuka, akaangalia upande wa wanawake, akamwita mkewe, "Mama Upendo! Hebu njoo, Sista ana neno na wewe."

"Leo?" nilimnong'oneza. "Kaburi bado bichi, Mbonea."

"Lini tena?" aliuliza, bila ukali. Alikuwa amechoka kama mimi.

Neema alikuja taratibu, macho mekundu, amejifunga kanga ya msiba kiunoni. Akanishika mikono yangu yote miwili, akanishukuru kwa kuja kumzika baba yake, akasema baba alinipenda sana, hadi siku za mwisho alikuwa akiniita mwanangu. Mbonea alisogea pembeni, akatazama chini. Nikamwambia Neema yote.